Malta pamoja na mbwa: mzigo unamwangukia nani?

Kisiwa cha Malta kinapendeza: bahari ya buluu, kuta za mawe za Valletta, makanisa makubwa. Lakini tulipokitembelea na jamaa zetu wa Ubelgiji, walioleta mbwa wao, tuliona taabu yake.

Kwanza, makaratasi. Mbwa anatakiwa alama ya elektroniki chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa iliyotimiza siku 21, na dawa ya tegu kwa munganga wa wanyama, saa 24 hadi 120 kabla ya kufika. Anayetoka kwetu Kongo huongezewa kipimo cha damu, kisha angoje miezi 3.

Pili, jua. Mwezi wa nane mawe ya njia yanachoma nyayo, na pwani nyingi hazimpokei mbwa. Kila siku mmoja wetu alibaki naye chumbani.

Tatu, na ndilo zito: usiku usubi, wadogo kuliko mbu, hueneza leishmania. Ugonjwa huo hujificha miezi mingi kabla ya kumdhoofisha mbwa.

Watoto watalia akiachwa. Hata hivyo tunawashauri: mwacheni kwa jirani mwema, penye kivuli na maji. Huko pia ni kumpenda.