Nyumba ya Nyanya Isibomolewe

Desemba iliyopita sisi wajukuu tulirudi nyumbani Nyamira kuamua jambo moja: je, nyumba ya nyanya ibomolewe? Ni ya udongo, bati limeshika kutu, na binamu zangu walitaka pajengwe vyumba vya kupangisha.

Lakini si kutu tu iliyowaudhi. Nyanya yetu alioa mke.

Msomaji, usishtuke. Kwetu Gusii, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kutwaa ng'ombe wa mahari ya binti yake, akaoza msichana katika nyumba yake kwa jina la mwana ambaye hakuzaliwa. Watoto wa msichana huyo walikuwa wa nyumba ile, na ndio walioirithi. Baba yangu ni mmoja wao. Wanandi nao wana ndoa ya mwanamke kwa mwanamke; mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimkubali mke wa ndoa ya namna hiyo kuwa mrithi.

Februari 2023, Mahakama ya Juu iliposema kwamba shirika linalotetea mashoga na wasagaji lisinyimwe usajili, baba mdogo alifoka, "Hayo si mila yetu!" Nilinyamaza. Yeye mwenyewe amezaliwa na mke wa mwanamke.

Wazee husema ndoa hizo zilikuwa za kutafuta watoto, si za mapenzi. Huenda ni kweli. Mimi nilichokiona ni wanawake wawili waliolima shamba moja na kuota moto mmoja hadi uzeeni. Mmoja alipofariki, mwenziwe hakula siku mbili. Yaliyokuwa moyoni mwao hakuna aliyewahi kuwauliza.

Basi siku ile niliomba tule kwanza, ndipo tuamue. Tulipika obokima na chinsaga katika jiko lao. Mzee mmoja jirani akaja na obokano yake, akapiga. Watoto wakauliza, "Nani alijenga hapa?" Shangazi, ambaye ng'ombe za mahari yake ndizo zilizomleta mke huyo, akasimulia yote bila kuficha. Baba mdogo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Aliponyanyuka, alitoka nje, akapapasa ukuta, akasema, "Leteni udongo."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuziba jioni ile ile, na tumekubaliana kukutana pale kila Desemba.