Kichwa cha treni chini ya kitanda changu

Nimekaa kimya wiki mbili na kila mtu ametafsiri kivyake. Kuna mmoja kanitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani. Nilikuwa natengeneza treni.

Ndiyo, treni. Ila yenyewe inaenea kwenye boksi la viatu na inalala chini ya kitanda changu hapa hosteli, katikati ya ndoo na begi la nguo. Rumu meti wangu anaiita "mtoto", kwa sababu nikirudi kutoka lekcha naitazama hiyo kwanza, yeye namsalimia baadaye.

Ni kichwa cha treni cha kuchezea, cha bati, rangi ya kijani, aina ya Hornby. Hakitumii betri wala umeme. Kina springi ndani unayoijaza kwa ufunguo, kama zile saa za mezani za zamani. Kilitengenezwa Liverpool, Uingereza. Mwenye jina hilo, Frank Hornby, ndiye aliyebuni Meccano, vile vyuma vyenye matundu ambavyo watoto wanaunganisha kwa nati, akapata hataza yake 1901. Treni alianza kuziuza 1920. Kiwanda chao cha Binns Road kilifungwa 1979, kwa hiyo ukikiharibu usitegemee kumrudishia aliyekitengeneza.

Sasa kimefikaje kwa mtoto wa Tabora? Babu mzaa mama aliingia reli akiwa kijana, enzi za shirika moja la Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika 1977 na kila nchi kuchukua chake. Mwaka 1963 Mwingereza mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi alikuwa anarudi kwao, akamwachia babu kidude ambacho mwanawe alishakichoka. Mama na ndugu zake wakakichezea mpaka springi ikagoma. Kikaishia stoo.

Likizo iliyopita nikamkuta mama mdogo anapimisha vyuma kwa jamaa wa chuma chakavu. Masufuria yaliyotoboka, pasi ya mkaa, bawaba za mlango, na juu kabisa kichwa cha treni. Nikamwomba hicho aniachie. Akacheka: "Chukua mwanangu, hata nusu kilo hakifiki."

Nimewaza sana hiyo nusu kilo. Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliitengenezea reli yetu vichwa 34 vya daraja la 59 miaka ya 1955 na 1956, kila kimoja kikiwa na tani zaidi ya 250, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Leo ukienda makumbusho ya reli Nairobi unakuta viwili, Mount Gelai na Mount Shengena, na milima yote hiyo miwili iko kwetu Tanzania. Vingine viliyeyushwa. Kama chuma cha tani 250 hakikuonewa huruma, cha nusu kilo nani atakijali?

Basi nikaanza kazi. Kwanza ufunguo haukuwepo. Nikazunguka Kariakoo mpaka nikampata fundi saa mmoja mzee mwenye kopo limejaa funguo za saa za ukutani. Tukajaribu kama kumi hivi, mmoja ukakubali. Yeye ndiye aliyenionya kwamba usifungue mashine ya springi kabla hujahakikisha haina nguvu iliyobaki, maana ikifyatuka inakuchana vidole. Nilichoogopa zaidi lakini ni magurudumu. Vichwa vingi vya kabla ya vita vya pili vina magurudumu ya zinki iliyochanganyika na risasi kidogo kwa uchafu wa kiwandani. Miaka ikipita chuma hicho kinavimba, kinapasuka, kinakuwa kama biskuti, na dawa hakina. Nikamulika kwa tochi ya simu gurudumu moja moja. Mazima! Kumbe changu ni cha baada ya vita.

Springi nayo haikuwa imekatika. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi. Nikaitoa mashine kwenye bodi taratibu, maana vile vibati vya kukunja ukivikunja mara mbili tatu vinakatika. Nikaisugua kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, nikaianika siku nzima, halafu tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli. Tone moja tu, likizidi linavuta vumbi na unarudi kule kule. Chumba kilinuka kibatari, rumu meti akahamia kwa jirani siku mbili. Mbarikiwe wote wawili.

Halafu ikaja habari ya rangi. Kijani kimebanduka, kuna kutu, kuna mikwaruzo. Kuna mtu mjini anayewauzia watalii vitu vya zamani, akakiona kwenye picha akaniambia nikikipiga rangi king'ae atanipa laki tatu. Laki tatu, wadau! Bumu limekata, na mazoezi ya kufundisha yanakuja, natakiwa nipange chumba mkoa wa watu na ninunue mashati ya kueleweka. Nilikuwa nimeshaulizia bei ya kopo la rangi.

Kabla ya kununua nikapitisha kitambaa chenye maji ya sabuni kwenye ubavu, pale chini ya dirisha la dereva. Uchafu ulipotoka ikatokea herufi imekwaruzwa kwa msumari, imepinda kama mwandiko wa darasa la kwanza. Nikampigia mama, nikamtajia herufi. Akanyamaza. Halafu akasema ni ya kaka yake, mjomba aliyefariki kabla sijazaliwa. Walimchapa kwa kuharibu treni ya baba. Mjomba huyo hana hata picha moja nyumbani, na daftari zake zilishaliwa na mchwa zamani. Kilichobaki cha mkono wake ni ile herufi.

Kule Uingereza wanaokusanya treni hizi wanalipia zaidi rangi ya kiwandani iliyochakaa kuliko rangi mpya iliyopakwa nyumbani. Mimi sababu yangu siyo hiyo. Nimefuta kutu, nimepaka mafuta kidogo, mkwaruzo nimeuacha. Jamaa wa laki tatu nimemwambia asante. Mashati nitaazima.

Jumamosi nikampigia babu. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo sikumtumia picha. Niliiweka simu sakafuni kwenye korido, nikajaza ufunguo, nikakiachia. Kikapita karrrrr mbele ya simu mpaka mlango wa bafuni. Babu akauliza, "Limefika wapi?" Nikamwambia bafuni. Akasema, "Lirudishe, nisikie tena." Tumelirudisha mara sita, salio likakata.

Halafu kuna hesabu moja imenichekesha. Kipimo hiki cha Hornby kina upana wa reli milimita 32, na ukikikuza takriban mara 45 unapata 1,435, upana wa reli za Uingereza. Reli ya kati aliyoitumikia babu ni milimita 1,000. SGR iliyoanza kubeba abiria Dar mpaka Dodoma 2024 ndiyo yenye 1,435. Kumbe juu ya kabati la babu tulikuwa na SGR tangu 1963, tatizo umeme tu!

Nitaenda nacho mazoezi ya kufundisha. Nishati iliyohifadhiwa kwenye springi kugeuka mwendo, kidato cha pili wataielewa bila mimi kuchora mishale ubaoni.

Ombi langu kwenu ni moja. Mkienda likizo, pitieni stoo kabla jamaa wa mzani hajapita. Na mkikuta kitu, sugueni kidogo kidogo, someni kwanza kilichoandikwa. Mwenye behewa la Hornby linalozubaa kwao anitafute, mtoto anahitaji kitu cha kuvuta.

Ngoja nikamalize asaimenti. Nawakilisha.