Usugu ni wa Nani?

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ikiwa chawa aonekanaye kwa macho huhitaji vidole viwili, sembuse bakteria asiyeonekana? Hospitalini, mkono wa daktari ukitakasika ilhali wa mfagizi, wa mpishi au wa msukuma machela ungali mchafu, mgonjwa hajaokoka. Ndiposa elimu kuhusu bakteria waliozishinda dawa haina budi kumfikia kila mfanyakazi, na elimu hiyo haiwezi kufika pasipo lugha anayoielewa.

Suala hili si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walifariki kutokana moja kwa moja na maambukizi ya bakteria hao. Kenya nayo ilitoa sera ya kitaifa mwaka 2017, na elimu ni miongoni mwa nguzo zake.

Katika Kiswahili, hali hii imepewa jina la usugu. Ni jina zuri, ila lina mtego. Sugu ni sehemu ya ngozi iliyokakamaa kwa kusuguliwa mara kwa mara, mithili ya kiganja cha mkulima. Kuna pia mtu sugu, asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini, na ugonjwa sugu, uliokaa mwilini kwa muda mrefu. Basi msikilizaji aambiwapo kuhusu "usugu wa dawa", ataelewa nini? Kiunganifu "wa" hakimwelezi ni nani aliye sugu. Yamkini atadhani ni dawa yenyewe. Aghalabu atadhani ni mwili wa mgonjwa, uliozoea dawa kama kiganja kilivyozoea jembe.

Kosa hilo si la wasemaji wa Kiswahili peke yao. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mataifa 12, ambapo asilimia 76 ya waliohojiwa walidhani kwamba mwili wa binadamu ndio unaokuwa sugu. Ukweli ni kinyume. Si mwili unaobadilika, bali ni bakteria. Dawa huwaua walio dhaifu, kisha wale wenye uwezo wa kuistahimili wakasalia na kuzaana. Fauka ya hayo, bakteria huweza kupokezana vinasaba vya uwezo huo, hata baina ya aina moja na nyingine.

Tofauti hii, ambayo darasani huonekana kuwa ya kisarufi tu, hospitalini huwa ya uhai na mauti. Aaminiye kwamba usugu ni wa mwili atauona kuwa msiba wa mgonjwa mmoja, usiohama kitandani pake. Ajuaye kwamba usugu ni wa bakteria atatambua kuwa unahama: kwa kiganja, kwa ukingo wa kitanda, kwa mpira wa mkojo, kwa kitambaa kilichopangusa meza mbili. Ataelewa pia mbona Shirika la Afya Duniani huhimiza mikono isafishwe nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya tendo linalohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya hatari ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Wakati huo wa tano humhusu mfagizi sawa na muuguzi, na glovu hazichukui nafasi ya kunawa.

Historia inashuhudia kwamba kujua hakutoshi pasipo kueleza. Mnamo 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari na wanafunzi wa wodi ya uzazi jijini Vienna wanawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Vifo vya wazazi vilishuka kutoka takriban asilimia 18 mwezi wa Aprili hadi takriban asilimia 2 mwezi wa Juni. Hata hivyo, kitabu chake kuhusu jambo hilo hakikutoka hadi 1861, na wenzake wengi walikuwa wamelipuuza. Takwimu alikuwa nazo. Lugha ya kuwashawishi ilimponyoka.

Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Licha ya hayo, semina na mabango ya hospitalini aghalabu huwa ya Kiingereza. Mfagizi huketi nyuma, akatia sahihi ya kuhudhuria, kisha akarejea kwenye ndoo yake vile vile alivyokuja. Lawama si yake.

Pengo hili haliwezi kuzibwa na matabibu pekee. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili waanze kwa kuuacha "usugu wa dawa" na kuandika "usugu wa bakteria dhidi ya dawa". Fungu hilo ni refu, naam, lakini linamtaja mkosaji. Kisha walipeleke wodini, wamsomee mfagizi na mpishi, na wawaombe waeleze kwa maneno yao wenyewe walichoelewa. Istilahi isiyoeleweka kwa mwenye ndoo mkononi haijakamilika, hata kama imekwisha kuingia kamusini.