Gitaa la blugrasi kwa shilingi 25,000

Leo tunapumzisha msimbo kidogo. Kwa miezi miwili sasa jioni zangu zimekuwa zikiishia kwenye swali lisilohusu seva wala hifadhidata: mtu anayeanza kujifunza muziki wa blugrasi, yuko Nairobi, na mfukoni ana shilingi 25,000 tu, anunue ala gani? Nimelichunguza kama ninavyochunguza programu inayogoma. Niliyoyapata huenda yakamfaa yeyote anayetaka kununua ala ya nyuzi bila kuuza ng'ombe.

Kwa wasioufahamu, blugrasi ni muziki wa Marekani, binamu wa karibu wa country. Baba wa muziki huu ni Bill Monroe, aliyezaliwa Rosine, jimbo la Kentucky, mwaka 1911. Bendi yake aliiita Blue Grass Boys kwa heshima ya jimbo lake, na jina la bendi likageuka kuwa jina la muziki wenyewe. Mwaka 1945 Lester Flatt alijiunga naye kwa gitaa, na mwisho wa mwaka huo akaja Earl Scruggs na banjo yake ya vidole vitatu. Wengi husema hapo ndipo mtindo ulipokamilika. Ala zake kuu ni tano: mandolini, banjo, fidla, gitaa na besi kubwa ya kusimama. Hakuna ngoma. Kila mpigaji ni kipande cha ngoma.

Sasa mimi na muziki huo ni wapi na wapi? Mnaijua Kenya yetu. Watu wa rika la baba yangu walikua na Jim Reeves redioni, na mzee wangu, ambaye yuko Mombasa, mpaka leo hunyoa ndevu akimwimba. Kanisani amekuwa sauti ya tenor kwa zaidi ya miaka arobaini. Blugrasi nayo imejaa nyimbo za dini zinazoimbwa kwa sauti tatu au nne, kwa hiyo nilipomwonyesha video kwenye rununu yangu hakuuliza maswali mengi. Aliniambia tu, "Jifunze, Desemba tuimbe." Mzee ana miaka 76. Sauti ipo, ila pumzi imeanza kupungua. Sina miaka mitano ya kujifunza.

Nataka mshike jambo hilo, kwa sababu ndilo lililoamua kila kitu. Bei niliyokuwa naipima ilikuwa ya aina mbili: shilingi nitakazolipa dukani, na wiki zitakazopita kabla sijaweza kumsindikiza mtu anayeimba. Ala ya bei rahisi inayoumiza vidole huishia juu ya kabati. Hiyo ni ghali kuliko zote.

Nilianza na orodha, kama kawaida yangu.

Banjo. Asili yake ni kwetu Afrika. Watumwa kutoka Afrika Magharibi ndio waliovuka na ala za jamii hiyo, na akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia ni ndugu yake anayeonekana hadi leo. Banjo ya blugrasi ina nyuzi tano, wa tano ukiwa mfupi na kuanzia kwenye freti ya 5, na nyuma ina bakuli la mbao la kurudisha sauti mbele. Inapendeza mno. Lakini ina ngozi ya kukaza, skrubu nyingi na chuma kizito, na vitu hivyo vikitengenezwa kwa bei ya chini huonekana mara moja. Tena, mwanafunzi wa banjo hutumia miezi akifundisha vidole mpigo tu kabla ya kumsindikiza mwimbaji.

Mandolini. Ndogo, nyepesi, nyuzi nane katika jozi nne, zimelinganishwa kama fidla: G, D, A, E. Ukitafuta utaona maumbo mawili. Lile la F lina konokono la mbao begani, na lile la A ni kama tone la maji. Konokono lile ni kazi ya mikono inayokula pesa, na halikupi sauti bora, kwa hiyo mwenye bajeti ndogo achukue umbo la A. Tatizo langu ni kwamba katika maduka niliyozunguka hapa mjini mandolini ni adimu, na kuagiza kutoka ughaibuni ni kuongeza nauli na ushuru juu ya bei. Halafu jozi zile hukazwa sana. Kidole kipya kitalia.

Fidla. Haina freti. Kila noti unaitafuta kwa sikio. Miezi saba haitoshi, na majirani zangu ni watu wema.

Besi ya kusimama. Haiingii kwenye matatu. Tuendelee.

Gitaa. Hapa kuna maduka, kuna mafundi, kuna nyuzi kila mahali, na kuna watu wa kuuliza. Nchi hii imezaa wapigaji kama George Mukabi, na Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, ana wafuasi hapa hadi leo. Kazi ya gitaa katika blugrasi ni kushika mwendo: uzi mnene mmoja, kisha mchapo wa nyuzi nyembamba, ndu-cha, ndu-cha. Kwa kodi tatu, yaani G, C na D (kodi za muziki, si zile za KRA), unasindikiza nyimbo nyingi sana. Mwimbaji akitaka sauti ya juu zaidi, unabana shingo kwa kapo na vidole vinabaki na maumbo yale yale. Kwa mtu mwenye tarehe ya mwisho, mjadala ukafungwa hapo.

Sasa, gitaa gani? Wapigaji wa blugrasi hupenda umbo kubwa liitwalo dreadnought, lililopewa jina la manowari ya Uingereza. Kampuni ya Martin ilianza kuyatengeneza mwaka 1916, na Martin D-28 ndiyo wengi huiota. Mimi siioti, maana bei yake naweza kununulia pikipiki. Nilihitaji kujua pesa kidogo inunue nini kwanza.

Wauzaji watakuambia habari za mbao. Ni kweli kwamba gitaa lenye uso wa ubao mmoja mzima, mara nyingi spruce, hutoa sauti hai kuliko lenye uso wa mbao zilizogandishwa kwa tabaka. Yamaha FG800, kwa mfano, ina uso wa ubao mzima, na F310 ina uso wa tabaka. Lakini ubao mzima huvimba na kusinyaa hewa ikibadilika. Kwa kawaida hushauriwa gitaa likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55 hivi. Langu litakuwa likitoka Nairobi kwenye ukame wa Februari na kushuka Mombasa kwenye joto la chumvi. Tabaka huvumilia safari kama hizo vizuri zaidi. Kwa hiyo nikaacha kufikiria sanduku na kuanza kufikiria shingo. Sauti nzuri itamfurahisha msikilizaji, lakini shingo nzuri ndiyo itakayonirudisha kwenye zoezi kesho yake.

Uzuri wa shingo ni kwamba inapimika. Nilibeba kadi nne za benki zilizokwisha muda, karatasi chache, na rununu yenye programu ya kulinganisha nyuzi. Unene wa kadi ya benki umewekwa kimataifa: milimita 0.76. Karatasi ya kawaida ya printa ni kama milimita 0.1. Hivi ndivyo nilivyopima:

1. Urefu wa nyuzi. Weka kadi juu ya freti ya 12, chini ya uzi mnene, sehemu isiyo na namba zilizoinuka. Kadi tatu ni milimita 2.28. Zikipita na ya nne ikagoma, uko salama. Kadi nne zikipita kwa ulegevu, umezidi milimita 3, na vidole vitaadhibiwa. Kwenye uzi mwembamba, kadi mbili zipite na ya tatu igome.

2. Mpindo wa shingo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja. Katikati, karibu na freti ya 7, pabaki nafasi ya karatasi moja au mbili. Ikizidi, shingo imepinda. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo huweza kurekebisha hilo, ila kazi ya fimbo ni mpindo tu, si urefu wa nyuzi.

3. Ukweli wa sauti. Uzi mnene ukiwa wazi hupiga hezi 82.4. Ukibonyezwa freti ya 12, ambayo ni katikati ya uzi, unapaswa kupiga mara mbili yake, 164.8. Programu huonyesha tofauti kwa senti, na nusu-toni moja ni senti 100. Mimi nilikubali hadi senti 5.

4. Mfupa wa darajani. Huu ni ule mfupa mweupe ambao nyuzi hukalia. Angalia umechomoza kiasi gani. Ukiupunguza kwa milimita 2, nyuzi hushuka milimita 1 pale freti ya 12, kwa sababu freti hiyo iko katikati. Kama nyuzi ziko juu na mfupa tayari uko chini, liache gitaa hilo. Fundi hana pa kupunguza.

Nikaenda mjini. Gitaa la kwanza lilikuwa jipya, limeng'arishwa kama gari la harusi, shilingi 8,500. Muuzaji akanihakikishia, "Boss, hii ni original." Kadi nne zilipita bila kugusa uzi, mfupa ulikuwa umechomoza kama ukucha, na freti ya 12 ilizidi kwa senti 18. Muuzaji alizitazama kadi zangu kwa huruma, kama mtu anayetazama mteja aliyekataliwa na mashine. La pili lilikuwa la ubao mzima, tamu ajabu, shilingi 38,000. Nililirudisha ukutani kwa heshima zote. Karo ya muhula ilikuwa haijalipwa.

La tatu lilikuwa la mtumba, umbo la dreadnought, uso wa tabaka, limekwaruzwa ubavuni na kibandiko cha zamani kimeacha gundi. Shilingi 13,000. Kadi nne zilipita, kwa milimita 3.3, lakini mfupa ulikuwa mrefu, karibu milimita 5 juu ya daraja. Mpindo karatasi mbili. Senti 4. Kwenye karatasi yangu hili ndilo lililoshinda, ingawa machoni lilikuwa la mwisho.

Fundi, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, aliuchukua ule mfupa na kuusugua chini kwenye msasa, akipima, akisugua tena, hadi ukapungua milimita 1.8. Nyuzi zikashuka hadi 2.4. Dakika arobaini, shilingi 1,500. Alinishauri niweke nyuzi za namba 11 badala ya 12 hadi ngozi ya vidole ikomae. Wapigaji wengi wa blugrasi hupenda hata 13 kwa sababu ya nguvu ya sauti, lakini nyuzi za 12 peke yake huvuta gitaa kwa zaidi ya kilo 70. Mwanafunzi hana haja ya kupigana na uzito huo.

Hesabu yangu: gitaa 13,000, fundi 1,500, nyuzi 1,200, kapo 800, piki tano 250, mkoba 2,500. Jumla 19,250. Zilizobaki 5,750 ni za treni.

Kama bado unaona aibu kununua mtumba, kumbuka kwamba mandolini maarufu kuliko zote katika muziki huu, ile Gibson F-5 ya 1923 ya Bill Monroe, aliinunua ikiwa imetumika, katikati ya miaka ya 1940, baada ya kuiona kwenye dirisha la kinyozi huko Miami. Alilipa dola 150. Na Martin D-28 ya 1935 aliyopiga Clarence White, kisha Tony Rice, ilikuwa imechakaa na tundu lake la sauti limepanuliwa kuliko kawaida. Mikono ndiyo iliyozipa majina.

Leo ni wiki ya sita. Nabadilisha G kwenda C bila kutazama, na kwenda D nikitazama. Mwendo wangu ni mapigo 84 kwa dakika, wakati wenyewe Wamarekani hukimbia mara mbili ya hapo. Jumapili nilimpigia mzee, nikaweka rununu mezani, nikacheza naye wimbo mmoja mzima. Aliimba hadi mwisho, akakohoa kidogo, kisha akauliza mbona tunatembea kama tuko nyuma ya jeneza. Nikamwambia mwendo utaongezeka. Akasema basi tuanze tena. Nilicheza dakika hamsini jioni ile, na vidole havikuniomba kuacha.

Ukienda dukani, basi, beba kadi zako za zamani. Pima shingo kabla ya kusikiliza hadithi ya mbao, weka akiba ya fundi ndani ya bajeti, na ununue ile ala ambayo utataka kuishika tena kesho.

Kwa leo naishia hapo. Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata.