PlayStation ya zamani, kadi ndogo na koltani ya Masisi

Hapa Goma vibanda vya mchezo vingali vinatumia PlayStation 2, mashine iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 4 Machi 2000. Wengi wa vijana wanaoishika leo walikuwa hawajazaliwa. Kampuni ya Sony iliuza zaidi ya milioni 150 mbele ya kuacha kuitengeneza, na zile zilizochokwa kwingine, nyingi zilimalizia safari huku kwetu.

Inadumu kwa sababu ya namna ilivyoundwa. Ile nyembamba ya mwaka wa 2004 ina unene wa sentimeta 2.8 na uzito wa gramu 900 hivi. Mtu anaitia katika mfuko wa mgongoni na kwenda. Kifuniko chake kinafungukia juu, kwa hiyo vumbi letu la volkano likifika kwenye lenzi, fundi anafuta kwa pamba na watoto wanaendelea. Ile nene ya kwanza ilikuwa na droo ya diski, na droo ikikwama, feza ya siku imekwisha. Waya tatu, wa njano, mweupe na mwekundu, zinatosha kuiunganisha na televisheni ya zamani. Haidai intaneti. Umeme ukikatika, mwenye kibanda anavuta betri ya gari na inveta.

Kwa nguvu, ni mzee. Akili yake inakimbia karibu megahetsi 295, na kumbukumbu yake ya kazi ni megabaiti 32 tu. Simu ya kioo ya bei ndogo inaishinda mbali. Lakini simu haichezwi na watu wawili bega kwa bega huku wengine kumi wanapiga kelele nyuma yao, na maneti ya mashine hii ina mota mbili ndani zinazoitetemesha mkononi. Mtoto anapopigwa goli, anasikia mpaka kwenye vidole.

Mimi kitu kinachonigusa zaidi ni kadi ya kumbukumbu. Ina megabaiti 8, inaingia kwenye kiganja, na haihitaji betri: unaweza kuichomoa, kuiweka mfukoni miezi, kisha kuitia katika mashine nyingine, na mradi diski iwe ya mchezo ule ule, unakuta timu yako fasi uliyoiacha. Kijana mmoja wa miaka 14 alifika Bulengo mwaka wa 2024 na wazazi wake, wakitoka Rubaya. Nyumba ilibaki, mbuzi walibaki, daftari za masomo zilibaki. Kadi ilikuwa katika soksi. Februari 2025, makambi ya pembeni ya Goma yalipovunjwa, familia ilihama tena, na kadi ikahama nayo. Mama yake aliniambia angependa mtoto aokoe sufuria. Alicheka alipokuwa akisema hivyo, lakini sufuria alikuwa anaitaka kweli.

Hapo ndipo habari ya mashine inakutana na habari ya inchi yetu. Ndani ya vyombo vya umeme kuna vipande vidogo vinavyoitwa kapasita. Mafundi wetu wanasema kondensateri. Kazi yake ni kuhifadhi umeme kidogo na kuutuliza, usiruke-ruke ukaharibu akili ya mashine. Zinazotengenezwa kwa tantalamu zinapendwa kwa sababu zinashika umeme mwingi katika umbo dogo kama punje ya mchele. Na tantalamu inatoka katika koltani, yale mawe meusi mazito ambayo watu wa Masisi wanayajua kwa mkono bila kuhitaji maabara.

Mwaka wa 2000, simu, kompyuta na mashine za mchezo zilihitaji kapasita nyingi kwa pamoja. Bei ya tantalamu duniani ilipanda mara nyingi katika miezi michache, kisha ikaanguka mwaka wa 2001. Huku kwetu watu waliacha mashamba, vijana wakaacha shule, wote wakaenda kwenye mashimo. Kundi la RCD, lililokuwa linatawala Goma, lilikula kodi juu ya hayo mawe. Kuna waandishi wa ng'ambo walioiita vita ile vita ya PlayStation. Mimi sikubali jina hilo. Vita vilianza 1996, vikarudi 1998, na mashine hii ilikuwa haijauzwa hata moja. Tena wakati ule Australia ndiyo iliyokuwa inatoa tantalamu nyingi, na madini yakishayeyushwa, ya Australia na ya Masisi hayatofautiki. Jina hilo linawapa watoto wa watu wengine kosa lililofanywa na watu wazima wenye silaha. Lakini bei ilikuwa kuni kwenye moto, hilo halikataliki.

Baba wa yule kijana alichimba Rubaya tangu ujana wake. Mwezi uliopita mashine ya kibanda wanakochezea iligoma kuwaka, na tulikuwa pale fundi alipoifungua. Baba aliomba aonyeshwe tantalamu iko wapi. Fundi akamwambia vile vya mviringo, kama mapipa madogo, ni vya aluminiamu. Vya tantalamu ni vidogo zaidi, na vinajaa zaidi katika simu. Akachukua ubao wa simu mbovu, akamgusishia kimoja kwa ncha ya bisibisi.

Mzee aliangalia muda mrefu. Kisha akauliza: «Hiki? Na sisi tulikuwa tunabeba gunia la kilo 50 mgongoni, mvua inanyesha, mlima unateleza?»

Fundi hakuwa na jibu, alikuwa anatafuta skrubu iliyoanguka. Ugonjwa wa mashine ulikuwa waya uliokatika kwenye swichi, kazi ya dakika kumi. Ilipowaka, kijana alisukuma kadi yake mbele ya watu wote, hata mbele ya mwenye kibanda kudai franka zake 500. Ikasoma. Timu yake ilikuwa ya nne, na mechi sita zilikuwa zimebaki.