Kutoka Kibwezi Mpaka Kitui: Miguu Hufungua Mlango, Kitabu Huulinda

Msafiri ashikaye barabara kuu ya Mombasa, akifika Kibwezi katika nchi ya Makueni, huona njia ya lami iendayo upande wa kaskazini. Njia hiyo huvuka Mto Athi, hupita Ikutha na Mutomo, kisha huingia mji wa Kitui. Nilipopata likizo yangu niliifuata, kwa kuwa nilitaka kuiona kwa macho yangu nchi ya wakimbiaji wa Ukambani.

Nchi yenyewe ni ya joto. Mibuyu husimama kama wazee barazani, na mito mingi ni mchanga mtupu ila siku za mvua. Watu huchimba mchanga ule ndipo wapate maji, na punda huyachukua mpaka nyumbani. Mashambani ni pojo, mbaazi, mtama na maembe. Asubuhi watoto huonekana njiani wakienda shule mbio, mifuko ikiwaruka mgongoni, wala hakuna aliyewaamuru kukimbia.

Watu wengi hudhani kwamba mkimbiaji hana budi kuzaliwa katika milima ya baridi kama Iten, palipo juu ya bahari kwa mita 2,400 hivi. Mji wa Kitui hauzidi sana mita 1,100. Hata hivyo Kitui ndiko alikozaliwa Benson Masya, aliyekuwa bondia kwanza, kisha akashinda mbio za kwanza za dunia za nusu marathoni mjini Newcastle, Uingereza, mwaka 1992. Alifariki mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 33.

Lakini Wakamba wawili waliomtangulia walipita njia nyingine, nayo ndiyo niliyoulizwa sana katika safari yangu, yaani njia ya chuo. Mike Musyoki alisoma katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, ambako pia alisoma Suleiman Nyambui wa Tanzania. Mwaka 1978 Musyoki alipata medali mbili za fedha katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, Canada, na mwaka 1984 medali ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Los Angeles. Joseph Nzau alikimbilia Chuo Kikuu cha Wyoming. Mwaka 1983 alishinda marathoni ya Chicago, akimwacha Mwingereza Hugh Jones kwa nusu ya sekunde tu, baada ya kilometa 42 na zaidi!

Wanafunzi 81 waliosafirishwa kwa ndege kwenda Marekani mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya waliitwa kwa vyeti vyao. Wakimbiaji waliofuata waliitwa kwa miguu yao, na baadhi ya watu wakadhani kwamba cheti hakina kazi tena. Hapo ndipo penye kosa.

Karibu na Mutomo mzee mmoja, aliposikia kwamba mimi ni karani, alinivuta kando chini ya mwembe. Akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Binti yangu hushinda kila mbio za shule. Yuko mtu asemaye atampeleka Marekani nikimpa fedha kwanza. Nina ng'ombe wawili wa kulimia. Je, niwauze?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, usiwauze. Mwalimu wa michezo wa chuo akimtaka binti yako, yeye ndiye atakayemtafuta, wala hatakuomba ng'ombe."

Nilimkumbusha habari za mwaka 2023, wazazi wa Uasin Gishu walipoandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizokwisha kulipa kwa ajili ya masomo ya watoto wao Finland na Canada. Mzee akanyamaza kitambo, akawatazama ng'ombe wake, akasema, "Basi nieleze njia iliyo sawa."

Nami naieleza hapa kwa faida ya wengine. Kwanza, mbio za mtoto zipimwe kwa saa katika mashindano yanayotambulika, na matokeo yaandikwe. Neno la "anakimbia sana" halimtoshi mwalimu aliye Marekani. Pili, mtoto au mwalimu wake aviandikie vyuo vyenyewe, vikubwa na vidogo, hata vile vya miaka miwili. Tatu, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi vikubwa, huchunguza masomo ya sekondari: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Huhesabu pia muda uliopita tangu mtoto amalize shule, kwa hiyo asikae nyumbani miaka mingi akingoja bahati.

Chuo kikimkubali humpelekea hati iitwayo I-20, na kwa hati hiyo huomba viza katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Ada zake zinajulikana: tangu mwaka 2019 kuandikishwa katika daftari la wanafunzi wageni kumekuwa dola 350, na mwaka 2023 ada ya viza ilipandishwa ikawa dola 185. Mzazi aulize pia kama msaada wa chuo ni wa gharama zote au wa sehemu tu, na kama ni wa mwaka mmoja au zaidi. Wengi wamefurahia neno "ufadhili" bila kusoma hesabu iliyo chini yake.

Tena mtoto ajue aendako. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wyoming kuna theluji na upepo mkali. Mwanafunzi hufanya mazoezi alfajiri, huingia darasani mchana, hushindana mwisho wa juma. Na alama zake zikishuka chini ya kipimo huzuiwa kushindana, hata akiwa wa kwanza kwa mbio. Mguu ukiumia, kinachobaki ni kitabu.

Kwa hiyo, wazazi na walimu wa Kitui na Makueni, msiwaambie watoto wachague moja kati ya uwanja na darasa. Mtoto arudipo kutoka mazoezini, apewe taa na nafasi ya kusoma. Na binti asiachiwe kazi zote za maji na kuni kaka yake akisoma. Ng'ombe wa kulimia wabaki zizini. Mvua zikija watalima, na mavuno yatalipa karo ya sekondari, ambayo ndiyo nauli ya kwanza ya kwenda Marekani.