Waya wa Lang'ata

Wahenga walinena, tembea uone. Hata hivyo, nyanya mmoja wa mtaa wa Ziwani jijini Nairobi alikuwa ametimiza miaka 76 pasipo kuingia mahali ambapo watalii hulipa kiingilio. Ziwani kwenyewe hakuna ziwa. Kuna nyumba zilizojengwa na baraza la mji katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na juu ya mapaa yake mwewe huzunguka wakiwinda mabaki ya sokoni. Hao ndio ndege aliowajua nyanya: wezi, lakini huru.

Jumamosi moja mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, alimpeleka katika kituo cha wanyama mayatima kilichoko Lang'ata, kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Simba hawakumshughulisha nyanya. Alivutwa na vizimba vya ndege. Kanga walidonoadonoa ardhi. Korongo wenye mataji walisimama kimya. Kasuku mmoja alikuwa ameung'ang'ania waya kwa mdomo.

Kijana alianza kutoa mhadhara. Alieleza kwamba mwaka wa 2016, mjini Johannesburg, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaonaswa porini.

"Huyu amekosa nini?" nyanya aliuliza.

"Hana kosa, nyanya. Wengi wa aina yake hutwaliwa kutoka kwa watu waliowafuga bila kibali. Akifunguliwa leo atakufa, hajui kujitafutia."

Nyanya alinyamaza, kisha akasema, "Baba yangu walimtia ndani ya waya huku huku Lang'ata."

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, vikosi vya serikali ya kikoloni vya watu wapatao 25,000 viliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Zaidi ya watu 20,000 walizuiliwa, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru. Lang'ata palikuwa na kambi mojawapo ya kuwachuja. Kijana aliyajua hayo yote. Aliikariri tarehe hiyo shuleni, akaiandika katika mtihani, akapewa alama. Kwamba ilipita mlangoni kwao, hakuwahi kuambiwa, wala hakuwahi kuuliza.

"Mimi na mama tulipakiwa lori, tukarudishwa mashambani," nyanya aliendelea. "Baba aliporejea nilikuwa msichana mkubwa. Hakuzoea tena mlango, mjukuu wangu. Angesimama kizingitini mwa nyumba yake mwenyewe, akingoja aamriwe kuingia."

Nyuma yao mtoto mmoja alimsihi kasuku aseme "habari". Watu wakacheka. Kijana hakucheka, maana alihisi kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akifundishwa kusema.

Jioni, walipofika Ziwani, alitangulia kufungua mlango. Akampisha nyanya, akamtengea kiti, kisha akamwomba aanze upya, tangu alfajiri ile.